Kwa Nini Hatukumtoa Mama Kwenye Nyumba ya Nyasi

Linasgro,
Kisiwa cha Lewis,
Uskoti.

21 Novemba, 1983.

Mpendwa kaka yangu Torcuil,

Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, wewe na wifi Marjorie na watoto. Goti lako linaendeleaje? Marjorie aliniambia kwenye simu kwamba daktari amekukataza kupanda ngazi, nami namjua kaka yangu, najua hata sasa ninavyoandika umepanda ngazi. Msikilize daktari. Huko Toronto barafu imeshaanza, na barafu haina huruma na mtu wa umri wako.

Sisi hatujambo, kama mtu anaweza kusema hajambo wiki chache baada ya kumzika mama yake. Ewen kifua kinamkoroma kama kawaida yake ya Novemba, lakini anatoka, anawaona kondoo, anarudi, analalamika. Shangazi Hughina jicho la kushoto halioni tena. Masikio lakini ni yale yale. Mtu akipita barabarani, shangazi humtaja jina kwa kishindo cha viatu tu, na akimtaja humtajia na makosa yake.

Mvua haijakatika tangu mazishi. Viazi tulivitoa mapema, tukashukuru.

Shada lako la maua lilifika. Lililetwa na gari la duka la mjini asubuhi ile ile ya mazishi, kubwa, jeupe, na utepe wenye jina lako. Asante. Umekaa ughaibuni miaka mingi, labda umesahau kwamba huku hatuweki maua juu ya jeneza. Finlay jirani ndiye aliyelipokea mlangoni. Akasimama nalo mikononi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake, akaniuliza, "Sasa Dolina, hili nilipeleke wapi?" Mchungaji alikuwa ameketi pale pale na Biblia magotini, akajifanya anaangalia dirishani. Tuliliweka kwenye sinki.

Usiku wa siku ile ya mazishi uliponipigia, uliniuliza mara mbili ni nani aliyekataa mama atolewe kwenye nyumba ya nyasi. Ulisema mama alikuambia zamani kwamba anataka jeneza lake lipite mlango ule aliopita akiwa bibi arusi. Ulisema utamwandikia wakili. Simu yetu iko ukumbini, na ukumbi ulikuwa umejaa watu na vikombe vya chai, kila mmoja akijitia hasikilizi. Ndiyo maana nilikujibu kwa ndiyo na hapana nikakata. Sasa watu wameondoka. Nitakujibu, na nitaanza mbali, kwa sababu wewe hukuwepo.

Bwana Abernethy wa Chama cha Nyumba Kongwe alikuja mara ya kwanza vuli ile ambayo paa lilianza kuoza upande wa mashariki. Mtu mrefu, mpole, suruali ya sufu, anavua kofia kabla hajafika mlangoni. Nataka ulijue hilo, maana ukisoma mbele utamfikiria shetani, na si shetani. Mama alimkaribisha, akampa chai na mkate wa shayiri na jibini. Yeye akawa anatazama juu tu, kwenye boriti, kikombe kimemwinamia mkononi, chai inamwagikia sahani.

"Mama," akasema, "nyumba hii ni hazina ya taifa."

"Hazina inavuja, bwana," mama akamjibu. "Sogea kidogo huku, hapo utalowa."

Alicheka sana. Sote tulicheka. Mama alimweleza anachotaka, na hakikuwa kikubwa: nyasi mpya juu ya paa, kwa kuwa mafundi wote wa kuezeka tumeshawazika, na choo cha ndani, kwa kuwa kwenda nyuma ya zizi kwenye upepo wa Januari kulianza kumshinda. Bwana Abernethy akasema paa ndiyo, kwa moyo wote. Choo akasema hakitawezekana, kitaharibu sura ya nyumba. Mama akasema, "Sura ya nani?" lakini alisema kwa Kigaeli, na mgeni hakuelewa.

Nyumba baba alikuandikia wewe, mwanawe wa pekee wa kiume, na sijawahi kulinung'unikia jambo hilo. Kwa hiyo barua ya Chama ilikuja kwako. Unakumbuka ulinipigia ukiwa na furaha hadi sauti inakatika. Ulisema watu wa Chama wataijenga upya nyumba yetu, haitaanguka milele, wajukuu zako wataikuta. Nilikuomba, Torcuil, kabla hujatia sahihi, wakuandikie kabisa kwamba mama atarudi kuishi ndani yake mpaka afe. Ulinijibu, "Dolina, hawa ni waungwana. Usiwatie aibu kwa kuwashuku."

Ukatia sahihi. Hawakutiwa aibu.

Walimwambia mama ahame kwa kiangazi kimoja tu, kazi ikiisha atarudi. Nilimwambia aje kwetu. Akasema hawezi kulala chini ya dari la mkwe, hata mkwe mwema kama Ewen. Basi tukampatia moja ya zile nyumba ndogo za wazee pale juu karibu na posta, chumba na jiko, kuta nyeupe kama za zahanati.

Siku ya kuhama alikataa kutoka mpaka achukue moto wake. Unajua moto ule haukuzimwa tangu alipoolewa. Kila akienda kulala aliufunika kwa majivu, asubuhi akaufunua. Akachota makaa mekundu kwenye ndoo, akatembea nayo barabara nzima, mimi nyuma yake na godoro, Finlay na kabati kwenye trekta. Tulipofika akazunguka chumba kile akitafuta pa kuyamwaga. Hapakuwa na meko. Nyumba zile zina hita za umeme ukutani. Hakuna aliyekuwa amefikiria kumwambia, hata mimi.

Akaketi kizingitini na ndoo kati ya miguu yake. Majirani walipita, wakamsalimia, wakajua, wakaendelea na safari zao. Alikaa pale hadi makaa yakawa meusi. Kisha akasimama, akaiosha ndoo, akaniuliza swichi iko wapi.

Kiangazi kimoja kikawa viwili. Kila nilipomuuliza Bwana Abernethy alinijibu kwa upole kwamba kazi ya namna ile haiharakishwi. Walileta mafundi kutoka bara, na hapa kijijini wakamwajiri Finlay kubeba mawe. Siku moja alikuja kwangu mchana, viatu vina matope, hakutaka kuketi.

"Leo nimevunja bomba la moshi alilojenga baba yenu," akaniambia. "Wamesema si la asili. Usimwambie Murdina kuwa ni mimi."

"Na ungekataa?"

"Ningekataa, angevunja mwingine asiyemjua Norman baba yenu."

Sikumwambia mama. Nilidhani bomba la moshi ndilo baya lenyewe. Sikujua kuna lingine.

Ikaja siku ya ufunguzi, Juni ya mwaka jana. Ulituma telegramu, ikasomwa mbele ya watu wote, watu wakapiga makofi. Mama alivaa kofia yake ya Jumapili ingawa ilikuwa Jumatano. Nilimshika mkono tukiteremka njia ile. Kwa mbali, Torcuil, nyumba ilipendeza. Sitakudanganya. Nyasi za rangi ya asali, kamba zimekazwa vizuri, mawe ya kuzivuta yananing'inia kwa mstari ulionyooka. Mama alikaza mwendo kama msichana.

Pembeni mwa mlango kulikuwa na kibao cha shaba. Mama akavaa miwani, akasoma polepole kwa sauti, kidole kikifuata maneno: nyumba hii imetolewa na Torcuil Macritchie wa Toronto, kwa kumbukumbu ya wazazi wake.

Akavua miwani.

"Kumbe nimeshakufa," akasema. "Na hamkuniambia."

Watu wakacheka, naye akacheka, kwa hiyo nikashindwa kulia. Hilo ni lako, kaka. Sijui ni wewe uliyechagua maneno au ni wao. Sikuwahi kukuuliza, na sasa pia sikuulizi.

Ndani kulikuwa na kamba nyekundu imepita katikati ya sebule, kama ya benki. Nyuma ya kamba moto ulikuwa katikati ya sakafu, hauna bomba, moshi unatafuta njia kwenye nyasi, kama alivyoishi bibi mzaa baba. Kwenye kiti cha mama waliketisha sanamu la mbao na nguo, limevikwa shali na kofia ya kizee, mikono imeshika uzi. Shangazi Hughina, aliyekuwa bado na macho yote mawili, akaliangalia kwa makini.

"Murdina, dada yako huyu hana adabu," akasema. "Nimemsalimia mara mbili."

"Mwache," mama akasema. "Amechoka kupokea wageni."

Kisha nikaona amegeukia ukuta wa kaskazini, pale kilipo kitanda cha boksi, kile kilichozungushiwa mbao.

Nikukumbushe, maana wewe ulikuwa mdogo nami nilikuwa mchanga. Mama aliponizaa aliugua kifua kikuu. Muuguzi alisema asipopata hewa na mwanga hatamaliza mwaka. Baba hakuwa na fedha za kumpeleka popote, basi akachukua nyundo na mtaimbo akautoboa ukuta ule, unene wa mtu mzima aliyelala, akifanya kazi akitoka baharini, watu wakimwambia ataiangusha nyumba yote. Akaweka dirisha mbele ya uso wa mkewe. Mama alilala pale mwaka mzima na zaidi akitazama malisho na bahari, akapona. Ulijifunza kusoma umekaa kwenye kina cha dirisha lile. Mimi nilimpokea Ewen barua yake ya kwanza kupitia hapo.

Dirisha halikuwepo. Ukuta ulikuwa mzima, mawe yamepangwa kwa ustadi, hata ukungu wameuotesha. Mama akapita chini ya kamba. Akaweka kiganja kwenye mawe.

Bwana Abernethy akamfuata haraka, mpole kama kawaida. "Mama, naomba urudi upande huu."

"Dirisha liko wapi?"

"Halikuwepo mwanzoni, mama. Tumeirudisha nyumba ilivyokuwa mwanzo."

"Mwanzo wa nani?"

Alieleza kuhusu mwaka uliochaguliwa na wataalamu, kwamba nyumba lazima ionyeshe kipindi kimoja. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote. Kisha akanigeukia akasema kwa Kigaeli, "Vyote wameviacha. Norman wamemtoa."

Akamuuliza lini anaweza kurudisha vitu vyake. Ndipo bwana yule alipokuwa mwekundu shingo nzima. Akasema sheria za moto haziruhusu mtu kulala humo. Akasema mwenye nyumba, yaani wewe, alielezwa. Akasema alidhani tumeshamwambia.

Ulielezwa, Torcuil? Mimi nilimtazama mama usoni ili nisilazimike kujiuliza.

Majira ya baridi yaliyofuata mama alianza kusinyaa. Alikula, alikuja kanisani, alifuma soksi, lakini ukimwuliza jambo alikujibu baada ya kitambo, kana kwamba swali limesafiri mbali kumfikia. Hita ilimkausha koo. Dirisha la kile chumba linaangalia ukuta wa posta.

Sasa hili linalofuata hukulijua, kwa kuwa alinikataza kukuandikia. Masika ya mwaka huu Bwana Abernethy alimjia na ombi. Wageni walikuwa wanalalamika kwamba sanamu linatisha watoto. Je, Murdina angependa kukaa yeye mwenyewe kando ya moto, siku za wageni, asokote sufu au afume, avae nguo za zamani? Angechukuliwa kwa gari asubuhi na kurudishwa jioni.

Nilikuwepo. Nilisimama nikamwonyesha mlango. Nilimwambia mama yangu si kikaragosi. Na mama, kwenye kiti chake, akasema, "Dolina, keti. Nitakwenda."

Aligombana nami kuhusu hilo kuliko jambo lolote tangu nizaliwe. Nilimwambia watamtia aibu. Akasema, "Aibu ipi? Nitakuwa kwangu."

"Utakuwa kwako saa za kazi tu!"

"Ni zaidi ya nilizonazo sasa."

Basi kiangazi chote hiki mama yetu aliigiza kuwa mama yetu. Alivaa shali la sanamu, maana lake mwenyewe walisema ni la dukani, la juzi. Aliketi kwenye kiti chake, nyuma ya kamba, kando ya moto ambao si yeye aliyeuwasha. Wageni waliingia na makoti yao ya mvua ya rangi rangi, wakapiga picha. Baadhi waliuliza kwa sauti kubwa, kana kwamba ni kiziwi, kama kweli binadamu waliishi humu. Mwanamke mmoja alimuuliza jioni anakwenda wapi "akimaliza." Mama alimjibu, "Juu karibu na posta. Kuna joto sana." Mtoto mmoja alimgusa shavu aone kama ni wa kweli. Huyo mama alimpenda. Alimpa sukari.

Nilikuwa nakwenda kumchukua nikipata nafasi. Jioni binti wa mlangoni anapiga kengele ndogo, wageni wanatoka, na mama naye anasimama, anavua shali analitundika kwenye msumari, anafunika moto kwa majivu kwa mikono yake, ingawa yule binti alishamwambia kwamba hakuna haja kwani asubuhi watawasha kwa kiberiti. Kisha anatoka, na kufuli linafungwa mbele yake. Siku moja alisahau fimbo yake ndani, ikabidi aombe ruhusa.

Septemba walifunga kwa msimu. Oktoba mama alilala na hakuamka tena vizuri. Daktari alisema moyo. Nilijua kilichokuwa moyoni mwake tangu tukiwa wadogo, maana alituambia sote wawili: mlango ule, mabega ya wanaume wa Linasgro, zaburi zikiimbwa nje kwenye nyasi. Kwa hiyo nilivaa koti nikaenda kwa Bwana Abernethy hotelini mjini, bila kumwambia Ewen, kwa sababu Ewen angekuja na maneno makali.

Hakukataa. Lisikie vizuri hilo kabla hujamwona wakili: hakukataa. Alivua miwani yake akaifuta, macho yamemlowa, akasema itakuwa heshima kwa Chama. Wataondoa kamba. Watawasha moto. Mama anaweza hata kulazwa humo usiku mmoja kabla ya mazishi, watu wamwimbie, sheria za moto hazisemi kitu juu ya marehemu. Alisema hivyo hivyo, hakusikia mwenyewe alichokisema.

Kisha akasema kuna watu wa televisheni Glasgow, wenye adabu sana, hawatasogea karibu. Haya yatakuwa mazishi ya mwisho kutoka nyumba ya aina ile katika kisiwa chote. Ingekuwa hasara kubwa yasipohifadhiwa.

Nilirudi kwa basi la mchana. Ningeweza kumficha mama habari ya kamera. Nilifikiri njia nzima nimfiche. Lakini nilipoingia alikuwa macho, ameegemea mito, akaniuliza, "Umetoka wapi na koti la kanisani?" Nikamwambia yote.

Alifumba macho, nikadhani amelala.

"Na mimi nitavikwa shali lipi?" akauliza. "Langu au lile la msumarini?"

"Mama."

"Nauliza, nijue."

Nikamwambia hatavikwa shali lolote asilolitaka, na kwamba nitawafukuza watu wa kamera kwa mawe. Akatikisa kichwa. Akanishika kifundo cha mkono, mkono wake ukiwa mkavu na mwepesi.

"Hapana," akasema. "Nimetazamwa vya kutosha. Nitoeni hapa hapa. Hapa hakuna anayenitazama."

Hilo ndilo jibu la swali lako, kaka. Nani alikataa? Mama alikataa. Usimwandikie wakili.

Tulimtoa kwenye ule mlango wa rangi ya kijani wa halmashauri, ambao ni mwembamba, ikabidi wanaume waliinamishe jeneza upande mmoja kukata kona ya jiko. Tuliimba zaburi barabarani mbele ya posta. Kwa kuwa sisi wanawake hatufiki makaburini, niliwatazama kutoka kizingitini, wanaume wa kijiji kizima wamevaa nyeusi, wakipokezana mabega wawili wawili.

Unajua njia ya makaburini inapita pale nyumbani. Bwana Abernethy alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi, peke yake, bila kamera, kofia mkononi. Alikuwa ameufungua mlango wazi na kuwasha moto, moshi tuliuona kutoka juu. Nadhani alitaka tu watue jeneza kidogo, kama ilivyokuwa zamani. Nadhani alikuwa na nia njema, naye ana nia njema siku zote.

Walipofika njia panda, Finlay ndiye aliyekuwa ameshika mbele. Alikata kushoto, akashika njia ya ufukweni, ndefu zaidi, mchanga wake umelowa, inayozunguka nyuma ya vilima, pasipoonekana nyumba ile. Na wote wakamfuata. Ewen anasema viatu vilizama hadi vifundoni na hakuna aliyeguna.

Mtu mmoja pale kizingitini akasema, masikini yule bwana, mvua itamnyeshea, mtu akamwambie. Shangazi Hughina akajibu, "Mwacheni asubiri. Murdina alisubiri kuliko yeye."

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike leo, nisingoje Krismasi.

Agosti, siku wageni walipokuwa wachache, Bwana Abernethy alimwekea mama kinasa sauti. Alimwambia ni kwa kumbukumbu za wataalamu tu, zikae kabatini. Nilikuwepo siku ile, nikitengua sufu. Mama alizungumza muda mrefu kwa lugha yetu. Alieleza ugonjwa wake, na jinsi baba alivyotoboa ukuta, kila jiwe. Kisha akaeleza asubuhi uliyoondoka kwenda Kanada. Kwamba ulipofika njia panda aliita jina lako kutoka mlangoni, na upepo ulikuwa unatoka kwako kuja kwake, kwa hiyo hukusikia, hukugeuka. Aliita tena hapo hapo mbele ya kinasa sauti, kama alivyoita siku ile. Sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwa mama. Bwana Abernethy hajui Kigaeli, alikuwa anaangalia sindano ya mashine isizidi pale panapotakiwa.

Juzi alikuja kutupa pole. Aliketi, akanywa chai, akasema wataalamu wameisikiliza kaseti na wamefurahi mno. Wanataka kuanzia masika waweke kitufe pembeni mwa kamba. Mgeni akibonyeza, sauti ya mama itatoka kwenye kiti, na tafsiri itakuwa imeandikwa ukutani. Lakini wanahitaji ridhaa ya familia, akasema, na kwa kuwa mtoaji wa nyumba ni wewe, barua wameshakutumia.

Itakuwa njiani pamoja na hii. Labda itatangulia. Itakuwa imeandikwa vizuri sana, kwenye karatasi nzito, na utajisikia umeheshimiwa.

Usitie sahihi, Torcuil. Sikuombi kuhusu paa wala dirisha, hayo yamekwisha. Waache nyumba wawe nayo. Jina lako likae kwenye kibao. Lakini lile jina lako alilolipaza mama mlangoni halikuitwa kwa ajili ya watu wa makoti ya mvua. Waandikie wakurudishie kaseti, uisikilize wewe, peke yako, mlango umefungwa. Uliitwa wewe.

Msalimie sana wifi Marjorie, mwambie asante kwa kuniliza na kuninyamazisha kwenye simu. Wabusu Elspeth na Gordon na yule mdogo ambaye sijamwona. Ewen anakusalimu. Finlay anakusalimu, ingawa ilibidi nimwombe. Shangazi Hughina anasema uje kabla jicho la pili halijafungwa. Mkija kiangazi kama ulivyosema, mtalala kwetu. Vitanda vipo, na moto upo.

Mungu aliyemlinda mama miaka yote akulinde nawe huko kwenye barafu, na aulainishe moyo wako na wangu pia, maana wangu nao umekuwa mgumu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukukasirikia kwa pamoja,

Dolina.